Chupa ya Jumanne

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi huyazoa kila Jumanne,
saa moja na nusu asubuhi, Mabogini,
kwa chupa iliyofungwa kamba ya katani,
pale bwawa la mwisho linapotemea mferejini.

Mlima huwa wazi saa hiyo. Siutazami.
Natazama povu, mwani, na yangeyange
waliosimama kwa mguu mmoja kama wadai.

Mji mzima huteremka hapa:
choo cha hospitali na choo cha baa,
beseni la Majengo, mtu kaosha nywele za dawa,
krimu ya kung'arisha iliyosuuzwa shingoni,
sabuni ya harufu ya limau isiyojua limau,
na vidonge vya uzazi tulivyomeza wanawake wa Moshi
saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza,
tukavikojoa alfajiri bila kuviaga.

Fomu yangu ina visanduku kumi na viwili.
Joto. Uchachu. Oksijeni. Mayai ya minyoo.
Navijaza vyote, natia saini: E. Kisamo.
Maji yamefaulu. Hufaulu karibu kila wiki,
kama mtoto anayeulizwa maswali anayoyajua.

Halafu akaja Mbonea, mdogo wake Nanzia,
na perege wawili ndani ya kopo la rangi.
"Dada, huyu si dume? Mbona ana mayai?"
Nikacheka kwanza. Kisha nikampasua
juu ya gazeti, kwa wembe wa maabara.
Dume, ndiyo. Na kando ya udume wake
punje za njano, ndogo, kama ulezi
uliomwagika katika nyumba isiyo yake.
Mwenzake alikuwa mzima.

Sina kisanduku cha ulezi.

Nilimpelekea bosi. Akavua miwani,
akaivaa, akasema kipimo hicho hufanyika ng'ambo,
kwa dola, na samaki mmoja si takwimu.
Kweli. Nilikuwa na mmoja.

Kitabuni huitwa homoni;
mwalimu wetu wa baiolojia alisema vichocheo.
Kuchochea nakujua: bibi yangu, Kibosho,
alisukuma kuni mafigani kidogo, kidogo tu,
na kiburu kikabadilika rangi chunguni.
Tone katika bwawa zima, wanasema, latosha
kusukuma kuni. Nasi tunaishi Moshi
na hatuulizi moto uko wapi.

Mwezi wa tisa bwawa la kwanza hukaushwa.
Tope hupasuka mapande mapande,
Elifuraha Mbwambo akaja na beleshi na viroba.
"Mbolea hii ina akili," husema,
"mchicha unajiotea wenyewe."
Kila Ijumaa huniachia fungu mlangoni, hataki hela.
Nalipika. Niseme nini?
Ni mtamu.

Vidonge niliviacha mwaka juzi,
nilipoolewa Njoro. Mwili utavisahau
kwa miezi mitatu, aliniambia daktari.
Tope halikupewa miezi.
Tangu hapo nazungushia siku
kwenye kalenda ya duka la pembejeo,
na kila mwezi najibiwa hapana,
wala sisemi kwamba hili limeletwa na lile.
Mimi ni mtu wa vipimo.

Ila Jumanne iliyopita, kwa kalamu ya risasi,
chini ya kisanduku cha kumi na mbili
nilichora cha kumi na tatu. Kikapinda;
nilikuwa nimeegemeza fomu kwenye goti.
Sikuandika kitu ndani.
Bosi hakukiona, au alikiona.

Maji yakaenda zake majarubani,
mpunga ukayapokea kwa miguu,
na yangeyange mmoja, bila haraka,
akabadilisha mguu.